Kozi ya kushinda woga kazini: jedwali moja limebeba yote

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: kozi hii inafaa, lakini kinachofaa ndani yake ni kitu kimoja, nacho ni jedwali la safu 5. Video, programu ya simu na jumbe za asubuhi za kutia moyo ni mapambo, mengine mazuri, mengine ya kuchosha. Jina la wanaoitoa naliacha makusudi. Kozi za sampuli hii zimejaa mtandaoni na zinafanana sana. Ukijua cha kutafuta katika moja, umejua cha kutafuta katika zote.

Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu. Kazi yangu ni kupekua mafaili ya watu, kuuliza hati iko wapi, kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo ghalani, kisha kuandika ripoti. Kuandika sina shida. Shida ilikuwa siku ya kuwasilisha. Kwa miaka mingi ripoti zangu zimesomwa na watu wengine mbele ya menejimenti, nami nimekaa pembeni naitikia kwa kichwa. Nafasi za kupanda zikitangazwa, sababu ya kutoomba haikukosekana: mwaka huu kazi ni nyingi, waliotangulia wapite kwanza, nikimaliza ule mtihani wa taaluma nitaomba. Mtihani ukaisha, nafasi zikatangazwa tena, nikapata sababu nyingine.

Kozi inachukua wiki 8. Kila wiki kuna kikao cha mubashara mtandaoni cha dakika 90, kundi la watu wasiozidi 12, na mkufunzi ambaye ni mwanasaikolojia mwenye leseni, siyo mhamasishaji wa jukwaani. Hilo la leseni niliuliza kabla ya kulipa, na wewe uliza, maana tofauti yake utaiona kuanzia wiki ya 3. Kati ya kikao na kikao kuna video, daftari la mazoezi la kuchapisha, programu ya simu ya kukukumbusha, na kazi ya wiki. Kabla hujapokewa unajaza dodoso refu: unalala vizuri, unakula, umewahi kufikiria kujidhuru, hofu inakushika kazini tu au hata ukitaka kutoka nje ya mlango wako? Anayeonekana kuhitaji daktari anaelekezwa kwa daktari na ada yake haipokelewi. Hapo niliwapa alama.

Wiki 2 za mwanzo ni nadharia, na zimerefushwa bure. Unaelezwa jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, jambo ambalo Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alilieleza tangu mwaka 1915: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, mate yanakauka kwa kuwa mwili umeahirisha habari za kusaga chakula. Ni vizuri kujua kwamba mdomo kukauka hakuna uhusiano wowote na kutoijua kazi yako. Ila hayo ni maelezo ya dakika 20.

Kisha unaonyeshwa ule mchoro wa kilima unaopendwa na kila anayefundisha mambo haya: presha ikiwa ndogo mtu anazembea, ikizidi anaharibu, ya wastani ndiyo bora. Chini yake wameandika Yerkes na Dodson, 1908. Kwa mazoea ya kazi yangu nikaenda kutafuta hati. Yerkes na Dodson walikuwa na panya, vijisanduku viwili, kimoja cheupe na kingine cheusi, na shoti ya umeme kwa panya aliyeingia kisicho chake. Tena pale ambapo kutofautisha vijisanduku kulikuwa rahisi, kadiri shoti ilivyokuwa kali ndivyo panya walivyojifunza haraka. Kilima kilionekana kwenye kazi ngumu. Kutoka hapo hadi kwa mtu anayewasilisha ripoti mbele ya wakurugenzi ni safari ndefu. Nilimwuliza mkufunzi jambo hilo kikaoni (kwa kuandika, ilikuwa bado wiki ya 2), naye akajibu bila kuzungusha kwamba video zilitengenezwa kabla yake, na kama zingekuwa zake mchoro huo angeuondoa. Nikaanza kumwamini.

Wiki ya 3 ndipo kozi inapoanza hasa. Unapewa jedwali. Safu ya kwanza: nitakachofanya, lini na wapi. Ya pili: ninachoamini kitatokea. Ya tatu: naamini kwa asilimia ngapi. Ya nne: kilichotokea. Ya tano: nimejifunza nini. Safu tatu za kwanza zinajazwa kabla ya tendo, kwa kalamu na siyo penseli, na unazipiga picha na kumtumia mwenzako mliyepangwa wawili wawili ili usije ukazibadilisha baadaye. Safu ya nne ina sharti moja: uandike tu kile ambacho kamera ingekiona au kinasa sauti kingekisikia.

Sharti hilo ndilo lililonipata. Mwenzetu mmoja alisoma safu yake ya nne: "Walinichoka." Mkufunzi akamwuliza, "Ndugu yangu, kamera ingeona nini?" Kimya. Mtu mmoja alitazama simu, akasema hatimaye. Wangapi walikuwepo? Tisa. Na wale wanane? Hakujua, hakuwatazama. Basi hebu andika hivyo: mmoja alitazama simu, wanane sikuwatazama. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa ni mahojiano yale yale ninayowafanyia watunza ghala. Mtu anakuja na dai kubwa, unamwomba hati, anakuletea karatasi moja iliyofifia. Madai ninayoyapokea kazini sijawahi kuyapitisha hivi hivi. Yale yaliyotoka kichwani mwangu nilikuwa nayagongea muhuri bila kuyafungua.

Kabla ya kuingia uwanjani unatengeneza ngazi. Unaorodhesha mambo yanayokutisha kazini, kila moja unalipa alama kuanzia 0 hadi 100 kulingana na linavyokubana. Kipimo hicho kinatokana na Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, ambaye katika miaka ya 1950 aliwapandisha wagonjwa wake ngazi ya namna hii huku akiwafundisha kulegeza mwili. Lakini wazo la kukisogelea kitu kidogo kidogo ni la zamani zaidi: mwaka 1924 Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aitwaye Peter aliyeogopa sungura, akasogezewa sungura taratibu huku akila kitu anachokipenda, mpaka akawa anamshika. Kozi ya sasa imebadilisha jambo moja muhimu. Hawakungoji utulie ndipo upande. Unapanda hivyo hivyo mapigo yakiwa juu, kwa sababu lengo ni kuona kama utabiri wako ni wa kweli, na utabiri haupimwi kwa kutulia.

Ngazi yangu ilianzia kwenye kuuliza swali moja kwenye kikao cha idara (35), ikapita kwenye kuwasilisha ukurasa mmoja wa ripoti (60), kumpinga mkuu wa kitengo mbele ya watu (80), na juu kabisa usaili wa nafasi ya mkaguzi mkuu (95). Nikisoma tarakimu hizo leo naona haya kidogo kwa ile 35, maana siku ya kwanza haikuwa 35 hata kidogo.

Hili hapa ingizo la mwanzo, nimelinakili kama lilivyo. Nitakachofanya: kuuliza kwa nini tarehe za mapokezi haziendani na ankara. Ninachoamini: sauti itatetemeka, watanyamaza, mkurugenzi ataona sikusoma faili. Asilimia: 85. Kilichotokea: sauti ilitetemeka. Mkurugenzi akasema hajasikia, kuna mtu kipaza sauti chake kinapiga kelele, rudia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mtu wa manunuzi akajibu kwamba tarehe zinaingizwa mwisho wa wiki. Mkurugenzi akauliza tangu lini. Wakaanza kubishana wao wawili, mimi nikasahaulika. Nimejifunza nini: kutetemeka nilitabiri sawa, mengine yote nilibuni.

Hapo ndipo nilipoielewa ile safu ya asilimia. Bila tarakimu ningejiambia baadaye kwamba sikuwa naogopa kiasi hicho. Nilikuwa nimeandika 85, kwa kalamu.

Wiki ya 5 ni ya tabia za kujikinga, na kwangu ndiyo wiki iliyolipia ada. David Clark na Adrian Wells, katika maelezo yao ya hofu ya kuwa mbele ya watu waliyoyatoa mwaka 1995, walisema kwamba mtu mwenye woga anajitazama yeye mwenyewe badala ya kuwatazama anaozungumza nao, halafu anafanya vijambo vya kujiokoa ambavyo ndivyo vinavyouendeleza woga wenyewe. Tuliambiwa tuandike vyetu. Nilijaza ukurasa: kusoma neno kwa neno, kuongea haraka ili nimalize, kuzima kamera, kushika kalamu kwa mikono miwili, kuanza kila sentensi kwa "labda nimekosea lakini", kuandaa majibu ya maswali ambayo hakuna mtu angeyauliza.

Zoezi ni kuwasilisha kitu kimoja mara mbili mbele ya kundi huku unarekodiwa. Mara ya kwanza unatumia kinga zako zote na unajichunguza kila sekunde. Mara ya pili unaziacha, na macho yako yanakwenda kwa wasikilizaji. Kabla ya kuonyeshwa video unaandika utakachokiona: mikono itatetemeka kiasi gani, uso utakuwaje, utanyamaza sekunde ngapi ulipokwama. Kisha unaitazama kama unamtazama mtu usiyemjua.

Niliandika kwamba mikono itaonekana inatetemeka waziwazi. Katika video ya kwanza mikono ilikuwa imetulia tuli, imeshikilia kalamu kama mtu anayening'inia ukingoni. Kilichoonekana ni utosi wangu. Nilikuwa nasoma nimeinama, kwa kasi, sentensi zinagongana, na mahali pa kuweka nukta sikuweka. Mtu yeyote angesema huyu hajiamini, na angesema hivyo kwa sababu ya kinga, siyo kwa sababu ya woga. Video ya pili ina mahali nimekwama. Ndani yangu nilihesabu kama nusu dakika ya fedheha. Kwenye saa ya video ilikuwa sekunde 3, na kwa mtazamaji inaonekana kama mtu anayefikiri. Video hizo ninazo bado, na kama watoa kozi wangeuza wiki hiyo moja peke yake ningewaambia watu wainunue hiyo tu.

Kwa wale ambao tatizo lao ni wasiwasi wa usiku, kuna wiki ya 6. Inatumia mbinu iliyojaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980: unatenga nusu saa kila siku, mahali pale pale na wakati ule ule, mbali na kitanda, kwa ajili ya kuwaza mabaya. Wazo likikujia saa nyingine unaliandika kwa ufupi na kuliambia lingoje zamu yake. Nilidhani ni mchezo wa kitoto. Nilichokiona ni kwamba mengi yakifika zamu yake yamepoa, na yaliyobaki yanagawanyika: haya yana hatua ninayoweza kuchukua kesho asubuhi, haya hayana. "Bosi hakujibu barua pepe" lina hatua. "Itakuwaje nikipata cheo halafu nikashindwa" halina, na kulifikiria tena usiku wa manane hakulipi hati yoyote mpya.

Wiki ya 7 sikuipenda. Ni juu ya watu wanaojiona matapeli katika nafasi zao, hali iliyoandikwa na Pauline Clance na Suzanne Imes mwaka 1978 baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana. Mada ni nzuri. Kikao kikageuka kuwa duara la kusifiana: kila mmoja amwambie mwenzake jambo zuri. Watu ambao hawaijui kazi yangu waliniambia mimi ni hodari. Sifa ya namna hiyo kwa mtu wa hesabu haina thamani, kwani msemaji hajafungua faili. Ningependa zaidi wangetumia jaribio lililotajwa juu juu kwenye video, la Thomas Gilovich na wenzake mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ya kuwatia aibu, wakaingizwa chumbani mwa wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwepo wameitambua picha. Walioitambua walikuwa kama robo. Hilo linafundisha zaidi ya nusu saa ya kupeana maua.

Kuna kasoro moja nzito, nayo ni nzito kuliko video ndefu. Kozi imejengwa juu ya dhana kwamba hofu yako inakudanganya. Mwenzetu mmoja, mkimya, mwandishi wa programu za kompyuta, alijaza jedwali lake vizuri. Utabiri: nikisema ratiba haitekelezeki, meneja atanifokea mbele ya wote. Asilimia 90. Kilichotokea: alinifokea mbele ya wote. Akataja na maneno. Mkufunzi akamshauri ashuke ngazi moja, ajaribu jambo jepesi zaidi. Wiki iliyofuata akarudi na matokeo yale yale. Jedwali lilikuwa limefanya kazi yake barabara. Limethibitisha kwamba mtu anafanya kazi chini ya meneja mkali asiye na adabu. Hapo dawa siyo kupanda ngazi. Ni kuandika tarehe na maneno, kuwa na shahidi, kujua taratibu za malalamiko za mahali pako, kutafuta wa kukuhamisha au kutafuta kazi nyingine. Daftari lina ukurasa mmoja tu juu ya hayo, tena mwishoni kabisa. Mkufunzi, kwa sifa yake, aliomba radhi mbele ya kundi na kumtengea yule mwenzetu muda wa pembeni. Lakini kozi inayofundisha kupima utabiri ilipaswa kuwa na la kusema siku utabiri unapotimia.

Programu ya simu niliifuta mapema. Inalia asubuhi na kukuuliza leo unajisikiaje kwa kukuchagulisha vikaragosi vya uso. Na tangazo lao linaahidi kwamba "utaondokana na hofu milele", ahadi ambayo mkufunzi mwenyewe aliikana katika kikao cha kwanza. Moyo wangu bado unakwenda mbio kabla ya kuwasilisha. Tulifundishwa, kufuatana na majaribio ya Alison Wood Brooks ya mwaka 2014, kujiambia "nimechangamka" badala ya kujilazimisha kutulia, kwa sababu mwili uliochangamka na mwili wenye hofu vinafanana. Wengine liliwafaa. Mimi lilinisaidia kidogo, hasa kwa kuniachisha kupambana na mapigo ya moyo.

Matokeo, kwa kuwa ndiyo watu huulizia. Ripoti zangu nawasilisha mwenyewe sasa, na nimeacha kuanza kwa "labda nimekosea lakini", ingawa wakati mwingine linanitoka. Niliomba ile nafasi ya 95. Nilitabiri kwamba nitaganda kwenye swali la kwanza na wasaili wataangaliana. Niligandia swali la nne, la kusimamia watu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake, walikuwa wanaandika. Nafasi sikupata. Nilipoomba maelezo niliambiwa ufundi ninao, usimamizi sijawahi kuufanya. Kwa hiyo nimeomba kuongoza timu kwenye ukaguzi wa matawi, nimepewa, na jedwali langu la sasa lina mambo tofauti kabisa: kumwambia mtu mzima kuliko mimi kwamba kazi yake arudie (70).

Ukitaka kujiunga, waulize mambo matatu kwanza: mkufunzi ana leseni ya nini, kundi ni la watu wangapi, na je, kuna kazi ya kufanya nje ya kikao ambayo matokeo yake yanakaguliwa na mtu. Kozi ya video tupu bila kundi sikushauri. Nimeona ya marafiki, video zinatazamwa hadi ya tatu na basi. Kwa mwenye hofu inayomzuia hata kutoka nyumbani, au aliyeishiwa nguvu kabisa, mlango wa kwanza uwe wa daktari. Na aliye chini ya bosi mkorofi asilipie kozi yoyote kabla hajajua haki zake kazini.

Wameshanitumia tangazo la ngazi ya pili. Nimeisoma: video ni nyingi zaidi, vikao vya mubashara vimepungua hadi kimoja kwa mwezi, na makundi yameongezwa hadi watu 30. Sijiungi.